Sita Ikipinduliwa

Bei huja kwa simu, saa kumi na moja alfajiri.
Meneja hutaja tarakimu nne, hasalimii,
nami nabeba ngazi hadi kwenye ubao
penye njia ya kwenda Buliisa,
mabati kwapani, misumari mdomoni.

Nimejifunza jambo moja huko juu:
sita ikipinduliwa ni tisa.
Bati ni lilelile, rangi ileile,
unaligeuza tu, miguu juu kichwa chini,
na mtu aliyelala bado, pikipiki yake ukutani,
amekwisha kuwa maskini kidogo.
Tisa nayo hukubali kurudi kuwa sita.
Hukubali. Haijaombwa tangu Pasaka.

"Akiiki," huniuliza Isingoma wa boda,
akininyooshea noti iliyokunjwa mara nne,
"mafuta si yamepatikana kwenu?
Si yako pale, chini ya muhogo wa bibi yako?
Mbona unanipimia kama manukato?"

Yapo, Isingoma. Nimeyaona.
Mhandisi alituletea ndani ya chupa ya kioo,
nikatarajia kitu cha kung'aa, cha kuteleza.
Akaipindua chupa. Hayakutoka.
Yameganda kama samli ya asubuhi,
meusi, mavivu, hayatembei mpaka yapashwe moto,
na bomba lote, hadi Tanga, litapashwa moto
kama mgonjwa anayefunikwa blanketi njia nzima.
Mchuzi wa mbwa hunywewa ungali moto, tuliambiwa.
Hatukuambiwa unywewe na nani.

Bibi alilipwa. Mihogo ilihesabiwa shina kwa shina,
kaburi la babu likapewa bei yake, na risiti.
Kaka yangu Kaahwa akachukua fungu lake, akanunua pikipiki.
Sasa huja hapa jioni na chupa ya maji ya nusu lita:
"Nitilie, dada, lakini usijaze."
Shamba tuliliuza mara moja.
Pikipiki tunainunua kila siku.

Ijumaa huingia lori kutoka Mombasa,
dereva macho mekundu, ana vumbi la Malaba kwenye kope.
Petroli yake imevuka bahari,
imemlipa kila mwenye mhuri,
imefika Hoima imechoka, tena ghali,
inamwagwa kwenye tangi letu la chini
mwendo wa saa mbili tu kutoka yalikolala yale mengine.
Siku moja yatapishana njiani,
yanayokwenda na yanayokuja,
kama jirani wawili waliokopeshana chumvi
kisha kila mmoja akaidai kwa riba.

Mwezi ule mpaka ulipofungwa wiki nzima
pampu zilikohoa hewa.
Nikaning'iniza kibao: HAKUNA.
Wakaja hata watu wa visimani,
magari marefu, kofia ngumu, ramani za chini ya ardhi,
wakapanga foleni nyuma ya Isingoma
kusubiri kopo moja kutoka Kampala.
Hakuna aliyesema neno.
Isingoma peke yake alicheka,
akacheka mpaka akakaa chini,
kisha akasukuma boda yake nyumbani kwa miguu.

Stoo, nyuma ya makopo ya grisi, kuna bati la tatu.
Mwaka nilioanza kazi lilisimama mbele kabisa,
mahali pa maelfu.
Meneja alisema niliuze kwa wa vyuma chakavu.
Sikuliuza. Hulipaka grisi lisishike kutu,
nikalifunga tena kwenye gazeti la zamani
lenye picha ya wakubwa wakipiga makofi kando ya kisima.
Sisemi natumaini; mshahara wangu haunitoshi kwa hilo.

Ila jana, nikilifuta, nililipindua, nione.
Tatu ikipinduliwa haiwi tarakimu yoyote.
Hugeuza tu mgongo,
ikatazama upande wa ziwa.